Upele kwa mtoto mwenye saratani ya damu: upi wa kukimbizwa usiku huu, upi wa kusubiri kliniki

Saa nne usiku simu inalia. Ni picha ya mguu wa mtoto, imepigwa kwa mwanga wa tochi ya simu nyingine, nusu yake imemezwa na kivuli. Chini pameandikwa: "Sista, samahani kwa usumbufu. Ameota hivi tangu jioni. Nimpake nini?"

Kwa miaka niliyofanya kazi wodi ya watoto wenye saratani nimepokea picha za namna hiyo nyingi mno, na jibu langu la kwanza huwa ni swali: "Joto lake ngapi, na kemo ya mwisho alipata lini?" Wapo wazazi wanaoona nakwepa. Sikwepi. Kwa mtoto anayetibiwa lukemia, yaani saratani ya damu, jina la upele huja baadaye. Kwanza ni kuchagua njia: kumkimbiza hospitali usiku huu huu, kupiga simu kesho asubuhi, au kungoja siku ya kliniki. Kipele ambacho mtoto wa jirani angekaa nacho wiki mbili bila shida kinaweza kumlaza huyu mahututi kwa siku mbili, na kingine kinachotisha kukitazama ni cha kupita tu. Hapa nimeweka bega kwa bega vile vinavyochanganywa sana, ili uchague njia kabla hujachagua dawa ya kupaka.

Kabla hujatazama ngozi

Vitu vitatu vinaamua uzito wa upele wowote. Cha kwanza ni joto. Kipimajoto kikisoma 38 au zaidi, mjadala umekwisha, ni safari, hata kama upele wenyewe ni mdogo kama punje ya mtama. Pima kwapani, usipime kwenye njia ya haja kubwa, na usimpe parasetamoli kabla ya kupima, kwa sababu utaficha kile tunachokitafuta.

Cha pili ni nyutrofili, zile seli nyeupe zinazopambana na bakteria. Kwenye karatasi ya FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, tazama namba kamili, siyo asilimia. Ikiwa chini ya 500, au 0.5 kama mashine nyingi zinavyoandika, mtoto hana walinzi. Mara nyingi hushuka kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kemo. Cha tatu ni chembe sahani zinazogandisha damu. Za kawaida ni 150 hadi 450, na zikianguka chini ya 20 damu inaweza kuvuja yenyewe bila mtoto kujikwaa popote.

Kuna jambo jingine ambalo maelezo mengi ya magonjwa ya ngozi hayasemi, kwa kuwa yameandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Wanaandika "wekundu." Kwa ngozi yetu wekundu huo unaonekana kama zambarau, kijivu, au weusi uliozidi wa pembeni yake, na wakati mwingine hauonekani kabisa. Kwa hiyo tumia mkono kuliko jicho. Weka mgongo wa kiganja chako upande wa kulia, kisha wa kushoto. Palipo na joto zaidi, pagumu zaidi, au panapomfanya avute mguu, hapo pana kitu.

Vidoa vya damu na alama za mbu

Alama ya mbu imeinuka, inawasha, ina kitundu katikati, na iko mahali palipokuwa wazi usiku: mikononi, usoni, kwenye vifundo vya miguu. Ukiibonyeza inafifia kisha inarudi. Kidoa cha damu ni bapa, hakiwashi, na ukikibonyeza hakiendi popote. Hupenda kutokea palipobanwa: chini ya mpira wa soksi, kwenye mstari wa chupi, pale muuguzi alipofunga mpira wakati wa kutoa damu, na kuzunguka macho baada ya mtoto kulia au kukohoa sana.

Wengine watakwambia ubonyeze kwa glasi ya kioo uone kama doa linafifia. Kwa mtoto mweupe wa maji ya kunde jaribio hilo linasaidia. Kwa mtoto mweusi, usipoteze muda nalo. Mfunue mdomo utazame kaakaa na upande wa ndani wa midomo, vuta kope ya chini, kisha tazama nyayo. Huko rangi haidanganyi.

Alama za mbu, akiwa anacheza na hana joto, zinasubiri. Weka kalamini, rekebisha chandarua, lala. Vidoa vipya vya damu bila homa ni kupiga simu muda huo na kupimwa FBP siku hiyo hiyo, maana huenda anahitaji kuongezewa chembe sahani. Vidoa pamoja na homa, au damu ya puani isiyokatika, au kinyesi cheusi, au kichwa kinachouma pamoja na kutapika, hiyo ni sasa hivi.

Tukiwa hapo hapo niseme juu ya zahanati. Mtoto analalamika maumivu, anachomwa diklofenaki kwenye tako, mzazi anarudi nyumbani ameridhika. Kwa mtoto huyu sindano ya msuli inaweza kuvujia damu ndani, na diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinazidi kuzivuruga hizo sahani chache alizobaki nazo. Kataa kwa heshima, lakini kataa.

Uvimbe usio na usaha na jipu

Hii ndiyo jozi inayonikosesha usingizi, kwa sababu inapingana na kila tulichofundishwa na mama zetu. Nyumbani tunajua jipu: linavimba, linaiva, linatunga usaha, linapasuka, mtoto anapona. Tunasubiri liive. Sasa, usaha ni nini? Kwa sehemu kubwa ni nyutrofili zilizokufa zikipigana na bakteria. Kwa mtoto ambaye hana nyutrofili, usaha utatoka wapi? Halitaiva. Utasubiri, nawe utaona ngozi imetulia, ina weusi kidogo tu na maumivu, wakati chini yake bakteria wanatembea watakavyo kuelekea kwenye damu.

Kwa hiyo linganisha hivi. Jipu la mtoto mwenye kinga yake lina kichwa, lina mpaka, na maumivu yake yanalingana na ukubwa wake. Uambukizo wa mtoto aliyeishiwa nyutrofili hauna kichwa wala mpaka, na maumivu yake ni makubwa kuliko unachokiona. Maumivu ndiyo kipimo chako. Na usishangae seli zikianza kupanda, pale palipokuwa patulivu pakavimba ghafla: walinzi wamefika, ndiyo fujo imeanza kuonekana. Hata hivyo hilo nalo mwachie daktari aliseme, usilihukumu mwenyewe.

Mahali pa kupekua ni kwapani, kinenani, pembeni ya kucha, na hasa kwenye njia ya haja kubwa. Watoto wakubwa wanaona aibu kusema. Anayezuia choo, anayekaa upande mmoja wa tako, anayelia akienda kujisaidia, huyo mwangalie. Usimwekee dawa ya kuingiza huko nyuma, usimpige bomba. Mlete.

Halafu kuna doa jeusi. Linaanza kama doa la zambarau, linakuwa lengelenge, na ndani ya siku moja hivi katikati pamekuwa peusi kama paliunguzwa. Mara nyingi mhusika ni bakteria aitwaye Pseudomonas, ambaye tayari yumo kwenye damu. Wazazi wengi hudhani mtoto aliungua, au aliguswa na Nairobi fly, yule mdudu mwembamba mwenye rangi nyekundu na nyeusi anayejaa kwenye taa msimu wa mvua. Tofauti ipo. Mdudu huyo haumi, sumu yake hutoka anapopondwa juu ya ngozi, na siku moja au mbili baadaye linatokea lengelenge lenye umbo la mstari, linalochoma kama moto. Likiwa kwenye mkunjo wa kiwiko, utalikuta pacha lake upande wa pili ngozi ilipogusana. Doa la bakteria ni la mviringo, halina mstari wala pacha, na mtoto mwenyewe anaonekana mgonjwa. La mdudu unaweza kuliosha kwa maji na sabuni na kupiga simu asubuhi, kwa sharti kwamba hana homa na nyutrofili zake hazikuwa chini. Doa lenye weusi katikati ni la usiku huu, likiwa na homa au bila homa.

Kuvimba pale palipokuwa na kanula, kile kimrija cha kupitishia dawa mshipani, ni habari nyingine. Vinkristini na daunorubisini, ambazo ni dawa za kemo, zikivuja nje ya mshipa zinaunguza nyama. Akisema "panachoma" wakati dawa inaingia, mwite muuguzi hapo hapo, usingoje dripu iishe. Usikande kwa maji ya moto wala barafu kwa kubahatisha: inayofaa kwa vinkristini ni joto, inayofaa kwa daunorubisini ni baridi, na ukikosea unazidisha.

Upele wa dawa unaopita na upele wa dawa unaochubua

Watoto hawa wanameza na kuchomwa dawa nyingi kwa pamoja, kwa hiyo dawa ndiyo mshukiwa wa kwanza wa karibu kila upele unaowasha. Zinazoongoza ni Septrin, ambayo wanapewa kuzuia nimonia ya kuvu, alopurinoli ya wiki za mwanzo, na antibiotiki za jamii ya penisilini na sefaloposporini.

Ule unaopita una tabia yake. Unaanza kifuani na mgongoni, kati ya siku ya 5 na ya 14 tangu dawa mpya ianze, au mapema zaidi kama aliwahi kuitumia zamani. Ni vidoa na vipele vidogo vidogo, pande zote mbili sawa, vinawasha, na mtoto anakula na kuchokozana na wenzake kama kawaida. Huo ni wa kupiga simu asubuhi. Kabla ya dozi inayofuata ya dawa unayoishuku, ongea na timu yako. Kemo usiisimamishe kwa akili yako.

Ule unaochubua haufanani nao kwa mambo manne. Ngozi inauma badala ya kuwasha. Kuna malengelenge, au ngozi inateleza ukiisugua kidogo. Midomo, macho au sehemu za siri zimechubuka. Na mtoto ana homa, amelegea. Madaktari wanauita Stevens-Johnson, na ukienea mwili mzima hutibiwa kama mtu aliyeungua moto. Septrin na alopurinoli zote zimo kwenye orodha ya dawa zinazousababisha, na dawa za kifafa kama karbamazepini na fenitoini pia. Kwa dalili mojawapo kati ya hizo nne usisubiri ya pili. Dozi inayofuata ya dawa ile usimpe, chukua pakiti zote za dawa uweke kwenye mfuko, uje nazo.

Katikati ya hao wawili yupo wa tatu ambaye nampenda kwa sababu ana ukaidi: doa moja la mviringo, jeusi kama wino, linalorudi mahali pale pale kila mtoto anapomeza dawa ile ile. Mara nyingi ni Septrin, mara nyingi ni mdomoni au kwenye uume, na bibi zetu husema karogwa. Piga picha, andika tarehe, mwambie daktari. Halina haraka ya usiku, ila hiyo dawa itabadilishwa.

Mabaka yanayoinuka kama mtu aliyepitiwa na upupu, yakitokea dakika chache au saa chache baada ya sindano ya asparajinesi, dawa nyingine ya kemo, ni mzio. Kwa kawaida hautokei kwenye sindano ya kwanza, hutokea kwenye zinazofuata, ndiyo maana tunakuzuia kuondoka hata kama daladala zinakwisha. Midomo ikivimba au kifua kikipiga filimbi, piga kelele.

Na sitarabini, nayo ya kemo, ina mchezo wake: saa chache baada yake mtoto anaweza kupata homa, viungo kuuma, macho mekundu na upele. Mzazi mzoefu anasema, "Ah, ni ile ile ya mwezi uliopita." Pengine ni kweli. Lakini homa ya sitarabini na homa ya bakteria zinafanana kama pacha, na sisi wenyewe hatuwezi kuzitofautisha kwa kutazama. Tunachukua damu na tunaanza antibiotiki. Nawe fanya hivyo hivyo, njoo.

Tetekuwanga na surua

Hapa utofauti wa moja na nyingine una umuhimu mdogo kuliko kuzitofautisha na vipele vya kawaida, kwa sababu zote mbili ni za kukimbia. Tetekuwanga hutoa vilengelenge vyenye maji, vinavyokuja kwa mafungu, hivyo siku moja unakuta kipya, chenye maji na chenye gaga kwa pamoja, hadi kichwani kwenye nywele na ndani ya mdomo. Wadudu hawaumi ndani ya mdomo. Kwa mtoto wa lukemia virusi hivi vinaweza kuingia mapafuni na kwenye ini, na maumivu makali ya tumbo au mgongo yanaweza kutangulia vipele vyenyewe. Mkanda wa jeshi ni virusi hao hao walioamka baada ya kulala: upande mmoja tu wa mwili, unachoma, unafuata mstari.

Surua inaanza na homa, mafua, kikohozi na macho mekundu, kisha upele unashuka kutoka nyuma ya masikio na usoni kwenda miguuni. Kwenye ngozi nyeusi utausikia kwa kiganja kabla ya kuuona, kama mchanga. Hatari yake kwa watoto wetu ni kwamba upele unaweza usitokee kabisa.

Usingoje upele basi. Mwenzake wa shule, binamu, au mtoto wa kitanda cha jirani akipata tetekuwanga au surua, piga simu siku hiyo hiyo ukiwa na mtoto mzima asiye na kipele hata kimoja. Kuna kinga tunazoweza kumpa, na siku zinavyokwenda nguvu yake inapungua. Mtoto mwenyewe hachanjwi surua akiwa kwenye kemo kwa sababu chanjo ile ina virusi hai, lakini wadogo zake wachanjwe kwa wakati, Tanzania ni miezi 9 na miezi 18. Ukuta wake ni wao. Na ukimleta mwenye vilengelenge, simama nje kwanza utupigie, kwa sababu ndani kuna wengine thelathini kama yeye.

Pumu ya ngozi, upele wa kuambukiza, na choa

Hizi ndizo za kila siku na karibu zote zinasubiri kliniki, ila zina hila. Pumu ya ngozi inakaa kwenye mikunjo, nyuma ya magoti na mbele ya viwiko, ngozi kavu na nene, na mara nyingi kuna mtu wa ukoo mwenye pumu au mafua ya mzio. Upele wa kuambukiza, ule wa vijidudu vinavyochimba, unakaa kati ya vidole, kwenye viganja vya mkono, kiunoni na kwenye sehemu za siri, unawasha zaidi usiku, na ukiuliza utakuta dada wa kazi naye anajikuna. Choa ni duara lenye ukingo ulioinuka, katikati kumepona kidogo.

Hila ni deksamethazoni. Katika wiki nne za mwanzo mtoto anameza steroidi kila siku, na pumu ya ngozi iliyomtesa tangu uchanga inatoweka. Mama anafurahi. Dawa ikisimama inarudi, naye anadhani kemo imeharibu ngozi. Kwa upele wa kuambukiza ni kinyume: steroidi inapunguza muwasho huku vijidudu vinazaliana kwa raha, mpaka ngozi inafanya magamba mazito yenye vijidudu maelfu. Mtoto hajikuni, ila nyumba nzima inajikuna. Hapo mtibu kila anayelala nyumba ile, siku moja, nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na yaanikwe juani. Pemethrini ya asilimia 5 haichomi kama benzili benzoati, kwa hiyo kama zote zipo duka la dawa na mfuko unaruhusu, chukua pemethrini. Vidonge vya ivermektini kwa mtoto asiyefika kilo 15 tunaviacha.

Wahenga wanalalamika kwamba mwenye upele hapewi kucha. Wodini tunaomba iwe hivyo hivyo. Zikate fupi, kila mkwaruzo ni mlango.

Yapo mengine nitayapita haraka. Chunusi za kifuani na usoni wakati wa steroidi zitaisha zenyewe. Viganja na nyayo zinazouma na kuchubuka baada ya sitarabini au methotreksati ni simu ya asubuhi, lakini kwa mtoto aliyepandikizwa uboho, India au popote, upele wa viganja, nyayo na masikio ni simu ya muda huo huo, kwani huenda seli alizopewa zinamshambulia. Mabaka yaliyoinuka, yanayouma ukigusa, yakija pamoja na homa, huenda yakawa ugonjwa uitwao Sweet. Huo dawa yake ni steroidi, ila kwa kuwa unafanana na uambukizo, tunakata kipande cha ngozi tukapime kwanza. Vinundu vigumu vya zambarau visivyowasha wala kuuma navyo vinakatwa vipimwe, kwa sababu lukemia yenyewe inaweza kuingia kwenye ngozi. Vyote hivi viwili huonekana zaidi kwa lukemia ya AML kuliko ile ya ALL waliyo nayo watoto wengi.

Vidonda mdomoni: hesabu vidonge

Vidonda vya mdomo vinavyokuja siku chache baada ya methotreksati ni jambo la kawaida. Lakini mdomo ukichubuka vibaya, na ngozi ikaanza kutoka, katika kipindi kile cha vidonge vya nyumbani, kabla ya kitu kingine chochote hesabu vidonge. Merkaptopurini ni ya kila siku. Methotreksati ni ya mara moja kwa wiki. Vyote ni vidonge vidogo, na bibi anayebaki na mtoto mama akienda sokoni anaweza kuvibadilisha bila kujua. Methotreksati ya kila siku ni sumu. Ukigundua, simamisha, njoo leo. Kuepusha hilo chagua siku moja, tuseme Ijumaa, iandike kwa kalamu nene kwenye pakiti, na pakiti yenyewe uiweke kabati tofauti.

Cha kupaka

Sasa lile swali la kwenye simu. Mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na manukato, yanashinda karibu vyote kwa ngozi kavu. Mafuta ya nazi ni mazuri pia kama umeyanunua yaliyofungwa vizuri. Yale ya kupimiwa kwenye chupa ya maji iliyokaa juani siyaamini kwa mtoto asiye na kinga, ingawa kwa mwanangu mwenyewe nayatumia. Kalamini ni ya muwasho wa wadudu na tetekuwanga, bei rahisi, haifichi kitu.

Krimu za mchanganyiko, zile zenye steroidi, antibiotiki na dawa ya fangasi katika tyubu moja, ndizo zinazouzwa kirahisi na ndizo zinazotuharibia kazi. Zinapunguza muwasho siku ya kwanza, kwa hiyo kila mtu anazisifu. Chini yake choa kinaenea bila duara lake la kukitambulisha, na uambukizo unakosa sura. Haidrokotizoni ya asilimia 1 pekee ni bora, siku chache, mahali padogo, baada ya mtu kuiona ngozi. Kuchagua kati ya krimu mbili za steroidi siyo kazi ya muuza duka.

Mwarobaini wa kuogea, shubiri mwitu, majivu, dawa ya kuchanja: kwenye ngozi nzima mwarobaini uliochemshwa sitagombana na bibi kwa ajili yake. Juu ya kidonda kilicho wazi, hapana kwa vyote. Na kuchanja, hapana kabisa, wembe na sahani 15 havikai pamoja.

Ukiwa mbali

Si kila mtu yuko kituo kimoja cha daladala kutoka Muhimbili, Bugando au KCMC. Ukiwa Kilwa au Sikonge na mtoto ana homa na doa jeusi, usipande basi la saa kumi na mbili asubuhi ukafike jioni. Nenda hospitali ya wilaya usiku huo na kadi yake, sema maneno haya kwa mpangilio huu: "Ana saratani ya damu, yuko kwenye kemo, ana homa." Waombe wapigie wodi yetu simu. Antibiotiki ya kwanza ya mshipa inatakiwa iingie ndani ya saa moja tangu afike, na inaweza kuingia hapo hapo, safari ifuate. Kwa ngozi inayosumbua bila homa, Moshi pale KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, na waliosomea hapo wako kwenye hospitali nyingi za mikoa. Ulizia kama wenu yupo.

Na picha, nitumie. Ipige mchana karibu na dirisha, moja ya mbali ionyeshe ni sehemu gani ya mwili, moja ya karibu yenye sarafu pembeni. Andika joto, tarehe ya kemo ya mwisho, nyutrofili na sahani za FBP ya mwisho, na dawa yoyote iliyoanza ndani ya wiki mbili. Kama kipimajoto kimesoma 38, usihangaike na mwanga. Nitumie hiyo hiyo ya tochi, mkiwa njiani.